Ukurasa Niliobandika kwa Uji

Msimu ule mpunga wa kijiji chetu cha Mamba ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na mimi, mwalimu wa darasa la kwanza niliyekuwa likizoni, nilikuwa nikiamia ndege wasile mpunga, juu ya dungu la baba. Asubuhi ukungu ulilifunika shamba lote likawa kama ziwa jeupe, nami nikielea juu yake, fomu mapajani. Nilikuwa naomba kwenda kusomea ualimu wa ngazi ya juu. Nafasi zilikuwa chache, na wasichana waliozipata walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Niliitaka moja mno, hata nilikuwa nikiota macho wazi kwamba nimeshafika.

Fomu niliimaliza, ukabaki ukurasa wa mwisho, mtupu: mwombaji akipenda, aeleze yeye ni mtu wa namna gani. Hilo "akipenda" lilinikera. Kwetu hakuna anayelazimishwa kwenda kumvunia jirani, lakini asiyekwenda anajulikana mpaka mtoni. Nikamuuliza padri wa misheni; akasema si lazima. Baba akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akaendelea kusokota kamba yake. Sikuridhika na jibu la yeyote.

Kwetu mtu hajisemi. Wa kumsema ni mtani wake, ambaye hata msibani anaruhusiwa kumtukana marehemu na hakuna wa kununa. Mtani wangu alikuwa bibi mmoja wa Kinyamwezi, jirani yetu, aliyehamia Mamba mumewe alipoacha kazi ya mgodi kule Mpanda. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza shida yangu, nikakaa chini na kalamu.

"Andika," akasema. "Huyu ni mvivu. Akipanda dunguni anawafundisha ndege hesabu, nao wanahesabu mpunga wa baba yake mpaka unaisha. Lakini mwacheni nao wiki mbili tu, hao ndege watajua kusoma."

Niliandika kila neno huku nikicheka. Nilipofika nyumbani aibu ikanishika. Kufuta sikuthubutu, maana neno la mtani halifutwi. Basi nikaukunja ukurasa ule, nikabandika kingo zake kwa uji wa mchele, nikijipa moyo kwamba atakayetaka kweli kunijua ataufungua. Fomu ikaondoka na lori la Mpanda, pamoja na barua ya padri ya kunidhamini.

Nilichaguliwa, na moyoni niliamini ni kwa sababu ya yale maneno ya bibi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni barua ya baba iliponifikia: bibi amefariki, wameshamzika. Wiki chache baadaye karani wa chuo aliniita nihakikishe cheti changu cha ubatizo kimo kwenye faili. Fomu yangu nayo ilikuwamo. Ukurasa ule ulikuwa bado umebandikwa, uji umekauka, hakuna aliyeugusa.

Niliumia. Kumbe waliangalia alama zangu na barua ya padri, basi. Kisha nikapenyeza ukucha, nikaubandua polepole, na bibi akaanza kunisema palepale, nikasikia mpaka ungo wake ukipepeta. Nikamwomba karani anisubiri kidogo. Nikainamia faili, nikamtukana yule bibi kwa sauti ya chini, tusi baada ya tusi, kama ilivyonipasa kumfanyia siku ya mazishi yake.