Mbwa wa Polisi Uani Kwetu

Watu wa Bwera, mpakani mwa Uganda, walimwogopa yule mbwa kabla hajashuka kwenye lori. Alikuwa wa aina tuliyoiita mbwa wa polisi: masikio wima, mgongo mweusi, kifua kipana. Kila mtu alikuwa na habari zake ingawa hakuna aliyewahi kumfuga. Wengine walisema akiuma, taya hujifunga mpaka zitenganishwe kwa chuma. Wengine walisema aina ile hukuzwa kwa damu. Jirani yetu aliapa kwamba mbwa hao wanaijua harufu ya mtu mweusi na hawaivumilii, na mbwa wake mwenyewe wa kienyeji alikuwa amelala miguuni pake wakati anaapa, lakini huyo hakuna aliyemhesabu kuwa mbwa.

Alikuwa mali ya Mhindi mwenye duka la vitambaa Kasese. Mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nchini, mwenyewe aliondoka na watoto na masanduku, mbwa akabaki amefungwa kwenye nguzo ya baraza. Baba yangu, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka Kongo, alimtaka mara tu aliposikia. Wezi walikuwa wamezoea ghala letu, na siku zile huwezi kwenda kuwashitaki kwa askari, maana huenda ni askari hao hao.

Aliyemleta ni mwenye lori wa Kasese, Mwislamu, mtu wa mzaha mwingi. Dini yake haikumruhusu kuguswa na mate ya mbwa, kwa hiyo alimfunga nyuma kabisa na kumpitisha Kikorongo na Kinyamaseke huku watu wakiruka mitaro kwa hofu. Mbwa alishuka akitikisa mkia.

"Mzee, hii mbwa ni mpole," alimwambia baba. "Pale kwa Mhindi ilikuwa nalala mlangoni, wateja wanairuka tu. Watoto wanavuta masikio, inanyamaza."

Baba akacheka. "Ilikuwa najificha. Iko na damu ya polisi. Inangojaka tu mukubwa aiamushe."

Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nimeshaacha shule, kazi yangu kupima kahawa kwenye mizani ya baba. Kwa hiyo niliona kila kitu, maana mizani ilikaa mlangoni mwa ghala na mbwa alifungwa hatua chache kutoka hapo, kwa mnyororo, kando ya pipa la mafuta lililolazwa liwe nyumba yake. Jua la Bwera likiwaka, pipa lile lilikuwa tanuri. Nani atakaa humo asiwe na hasira?

Kisha yakaanza mafunzo. Kwetu kila mwanamume alijua namna ya kumfanya mbwa awe mkali, na kila mmoja alikuja na yake. Mmoja alileta pilipili ya kuchanganya kwenye chakula. Mwingine alileta kiota cha nyigu, wakasagwa, akalishwa. Lakini baba alikuwa na mpango wake mwenyewe, na alijiona mwerevu sana. Mwizi wa kahawa, alisema, huja na gunia tupu kichwani ili afiche uso, kisha hulijaza. Basi mbwa afundishwe kumjua mwizi kwa gunia.

Akamwita mpagazi mmoja wa ghala, mtu mwenye mabega mapana asiyebishana na mtu. Mpagazi akajifunika gunia kichwani, akachukua fimbo ya mti wa kahawa, akamwendea mbwa. Mbwa alidhani ni mchezo. Akalala chali, akaonyesha tumbo. Mpagazi akasita, akamtazama baba.

"Piga!" baba akasema. "Piga, mutu wa Mungu!"

Akampiga pale pale tumboni. Mlio ule bado ninao masikioni. Mbwa alikimbilia ndani ya pipa, mpagazi akalipiga pipa kwa nje mpaka mbwa akatoka mwenyewe, akapigwa tena. Jioni gunia likavuliwa, na baba akasema kazi imeanza vizuri. Ikawa hivyo siku baada ya siku, tukiwa tumemaliza kupima.

Mama hakulala vizuri tangu siku ile. Kitinda mimba wetu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, anashika ukuta, anaachia, anaanguka, anacheka. Mama alikuwa amezika watoto kabla ya huyu, na hakuwa tayari kuzika mwingine. Hilo alilisema wazi kila baba alipokaa kula.

"Baba, mutoto anatembea sasa. Siku moja atafika kwa ile mbwa. Itamukula."

"Mama, mbwa ya ile aina inajuaka watu ya nyumba. Iko na akili kuliko wewe na mimi. Si mbwa ya shenzi."

Hapo ndipo nilipokuwa nikichemka. Mbwa yule kwa baba alikuwa na damu ya kutosha kuua mwizi, na papo hapo akili ya kutosha kumtambua mtoto. Sifa zote mbili alizipata kwa watu ambao hawakuwahi kumshika shingo.

Mama alifanya alichoweza. Alimbeba mtoto mgongoni kutwa nzima, hata anapotwanga, hata anapofua. Na kila asubuhi alimpelekea mbwa ugali wa muhogo na vichwa vya samaki waliotoka Katunguru, akimwita kwa sauti ya chini. Mbwa alimpenda. Alijikunja miguuni pake akitetemeka, na mama alimpangusa vidonda kwa maji ya chumvi. Alinieleza sababu: "Akinipenda miye, atapenda na wangu." Ilikuwa akili nzuri kuliko zote uani pale.

Kwa wengine mbwa alibadilika. Aliacha kubweka, akawa anatazama tu. Mwanamke mmoja aliyeleta kahawa yake akiwa na gunia kichwani aling'atwa shavu la mguu, nyama ikaning'inia. Nilimfunga kwa kitambaa huku analia, baba amesimama pembeni anatabasamu. "Imeiva," alisema. Nilimchukia siku ile, na hakunisikia akilini mwangu nikimtukana. Baada ya hapo alisogeza mnyororo ili mbwa afike mpaka kwenye mikeka ya kuanikia kahawa, ailinde yote. Mama aliendelea kupita hapo na bakuli lake, na mbwa aliendelea kumtikisia mkia.

Mvua ya kwetu hushuka kutoka milimani bila hodi. Alasiri hiyo ilitukuta kahawa yote iko nje. Ikilowa, imeharibika, basi kila mtu alikimbilia mikeka. Mama alikuwa na mtoto mgongoni. Akafanya tunachofanya sote mvua ikinyesha: alichukua gunia tupu, akaisukuma pembe moja ndani ya nyingine mpaka likawa kofia ndefu inayofunika kichwa na mgongo, akajivika yeye na mtoto wake, akakimbilia uani.

Mbwa hakutoa sauti. Aliruka akalikamata gunia kwa nyuma, mahali alipokuwa mtoto.

Mama aligeuka kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Alirudi kinyumenyume mpaka ukutani mwa ghala, akambana mtoto kati ya mgongo wake na ukuta, na mbwa aliporuka tena akampa mkono wa kulia. Alimpa, nasema, kama mtu anavyotoa kitu. Nilisikia mfupa. Mbwa alitikisa kichwa huku na huku, akauachia mkono, akaushika tena juu zaidi, damu ikachanganyika na mvua ikatiririka kwenye kahawa. Mtoto alikuwa anapiga kelele chini ya gunia. Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameuma meno, anamsukuma mbwa kwa goti, na mimi nilimpiga mbwa kwa ungo, ungo wa matete, ukapasuka mikononi mwangu.

Kisha gunia likateleza likaanguka.

Mbwa aliuona uso wa mama. Akaachia hapo hapo. Alirudi nyuma, akamnusa miguu, masikio yakalala, akajibwaga kwenye matope akaanza kulia. Mtoto alikuwa mzima, hana hata mchubuko. Nilimfungua mgongoni mwa mama, nikampapasa mwili mzima.

Baba alitoka ghalani na chuma cha kukomea mlango.

"Acha!" mama alisema. "Imeniacha yenyewe! Ilikuwa haijue ni miye!"

Baba alimpiga mbwa kichwani. Mbwa hakukimbia. Alimtambalia kwa tumbo, akapigwa tena, jicho moja likatoka. Baba alipiga mpaka miguu ikaacha kuchezacheza, na akaendelea kupiga baada ya hapo, chuma kikizama kwenye matope na kuturushia usoni. Majirani walijaa kwenye ua wakasema tulichotarajia waseme: tuliwaambia, ile aina ni ya damu, hata umlishe kwa mkono wako siku moja atakugeuka. Baba akaitikia. Hakuna aliyelitazama gunia.

Hospitalini walimshona mama, lakini vidole havikukunjika tena. Akajifunza kutwanga kwa mkono wa kushoto.

Bandeji ilikuwa bado haijatolewa baba alipopata mbwa mwingine kwa mwindaji wa milimani. Mtoto wa mbwa mwekundu, mdogo, wa wale wanaovishwa kengele shingoni wakiwinda kwa sababu hawabweki. Baba alimshika kwa ngozi ya shingo akatuonyesha.

"Hii haina damu mubaya," alisema. "Lakini iko mupole sana. Lazima ifundishwe." Akamgeukia mpagazi. "Lete gunia."

Mpagazi alijivika gunia. Akachukua fimbo. Mama alitoka jikoni, akampokonya fimbo kwa mkono wa kushoto, na mpagazi hakushindana naye. Kisha akamwendea baba akamchapa begani.

Sijawahi kuona mwanamke wa kwetu akimpiga mumewe mbele ya watu. Fimbo ikashuka tena, mgongoni, kisha shingoni, na damu ikaanza kuchora mstari kwenye shati jeupe.

"Mama! Unanipiga juu ya nini?"

"Nataka nione," mama alisema, anahema, "kama uko na damu mubaya."

Akampiga mpaka baba akakaa chini, mikono kichwani. Mpagazi alikuwa amevua gunia, amelishika mkononi, anatazama ardhi. Baba yangu nilimpenda, alinifundisha kusoma mizani na kutodanganya wakulima. Lakini nilisimama pale mlangoni na mtoto mikononi, nikihesabu mgongoni mwake kila fimbo, na nilimwomba Mungu mama asichoke.