Pini ya Lango la Mbele

Pale bandari ya wanamaji walimwita Mama Spea, na jina lilimkaa. Alitunza stoo ya meli moja tu, meli kongwe ya kushusha vifaru ufukweni, ile inayofungua pua yote kama lango la gereji. Viwanda vilivyotengeneza vipuri vyake vilishafungwa zamani, kwa hiyo alijiwekea kanuni: kikibaki kipuri kimoja, daftarini anaandika "hakuna". Ukiandika kipo watakichukua, watakivunja, halafu watarudi kukulaumu wewe. Miaka ishirini na mitatu alidanganya kwa mwandiko mzuri sana, bila haya hata chembe.

Basi Jumanne moja asubuhi chifu wa mitambo akaingia stoo mbio, grisi mpaka masikioni. Pini ya komeo la lango la mbele ilikuwa imekatika. Mkaguzi angefika saa nane mchana, na lango lisipofunguka, meli ingekwenda kukatwakatwa iwe vyuma chakavu.

"Mama, daftari linasema hakuna. Tumekwisha."

Mama Spea akacheka mpaka akashika meza. Siku aliyoingoja miaka yote hiyo! Akapanda ngazi, akashusha boksi la rafu ya juu, akalipuliza vumbi kwa madaha, akafungua. Ndani mlikuwa na kikaratasi tu: "Nimeichukua mimi. Usinigombeze. Mumeo."

Mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa lango hilo hadi alipostaafu. Chifu akalivuta daftari la matengenezo, kidole kikishuka ukurasa kwa ukurasa: lini winchi ilishushwa, lini mpira wa lango ulibadilishwa, lini komeo lilipakwa grisi. Pini mpya haikufungwa hata siku moja.

"Basi ipo!" akapiga kelele Mama Spea, akatoka mbio na aproni yake, miaka hamsini na tisa miguuni, akicheka na kutukana kwa zamu.

Alimkuta mumewe barazani kwao akifungua redio ambayo haikuwa mbovu.

"Baba we, pini yangu iko wapi?"

"Pini gani?"

"Ya lango, mwizi mkubwa wewe!"

Mzee akainamisha kichwa. "Nilijua ukiitunza wewe haitatoka milele. Nikaona niitunze mimi."

Akaenda jikoni, akaichomoa chini ya mlango, ilikouzuia usibamizwe na upepo. Ilikuwa inang'aa. Kumbe ndilo lile lichuma ambalo Mama Spea alijikwaa kwalo miaka sita na kulilaani kila asubuhi!

"Vaa viatu," akasema mkewe. "Kuna kazi."

Mzee hakuwa amelisikia neno hilo tangu astaafu. Kamba za viatu zikamshinda, ikabidi Mama Spea apige magoti amfungie, na hapo akamwonea huruma na kumpenda kwa wakati mmoja.

Saa saba na nusu pini ilikuwa mahali pake, mapigo matatu tu ya nyundo. Saa nane lango likaguna, likalalama, likafunguka lote, jua likajaa hadi nyuma kabisa. Mabaharia wakarukaruka kama watoto waliofunga shule. Mkaguzi akaipa meli miaka mitano mingine, akaaga.

Mzee akapangusa mikono, akamgeukia chifu. "Kesho nije saa ngapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwajiri. Chifu akaanza kutafuta maneno ya kistaarabu.

"Saa moja kamili," akajibu Mama Spea. "Na usichelewe."