Majina ya ukoo yamefutika kwenye kompyuta ya mzee

Leo nimeogopa, wanangu, na mimi si mtu wa kuogopa.

(Shule sikuiona. Nasema, simu inaandika.)

Mke wa mwanangu, Neema wa Makambako, ameifufua kompyuta ya zamani ya marehemu mume wangu. Asubuhi nzima hapa Mjimwema nimemtajia majina ya ukoo wetu, naye anayaandika humo, kila jina na mstari wake.

Kabla hajayahifadhi, akataka kuona diski ina vitu gani. Akaandika LOAD, ya kuipakia orodha ya diski, kisha LIST, ya kuionyesha.

Ikaja orodha ya mambo ya mzee: KWAYA, BARUA, VIAZI. Tukacheka. Mzee na viazi vyake!

Halafu Neema akaanza kulia.

“Mama, nimeharibu. Mashine hii hushika kitu kimoja tu kwa wakati, na orodha imekaa palepale majina yalipokuwa. Yamefutika yote.”

“Acha kulia, wewe. Iliyosahau ni mashine. Mimi ninayo kichwani. Andika!”

Nikaanza upya. Babu. Bibi. Wadogo zake bibi: wa kwanza, wa pili...

Wa tatu hakuja.

Ni yule aliyenilea Ikonda baada ya mama kufariki! Sura yake naiona. Uji wake wa ulezi bado nausikia mdomoni. Jina hakuna, na asubuhi nimelitaja kwa kinywa changu mwenyewe.

Neema naye aliandika harakaharaka, halikumbuki.



Ninyi ndugu zangu wa Ikonda, msiniandikie pole. Niandikieni jina lake.