Ramani ya Tembo ya Limi Pastory

Limi Pastory ana stesheneri Mikumi, ng'ambo ya barabara kuu ukitokea stendi. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anawajazia watu maombi ya vyuo mtandaoni. Ukimuuliza anafanya kazi gani, atakutajia hizo. Ile kazi nyingine, ambayo watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanamjua kwayo, haitaji mpaka aulizwe.

Alizaliwa Mvumi, wilayani Kilosa. Baba yake, mzee Pastory, alihamia Kilosa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akakaa, akaanza kulima mahindi na ufuta. Nyumbani walizungumza Kisukuma, shuleni Kiswahili, na machungani waliongea na ng'ombe kwa lugha yoyote iliyowatoka mdomoni. Limi alichunga mpaka alipomaliza shule ya msingi. Baadaye alisoma cheti cha teknolojia ya habari Morogoro, akaajiriwa kidogo Kilosa mjini, akachoka kuajiriwa, akaja kufungua duka Mikumi. Mdogo wake, Dotto, alifuata njia hiyohiyo akampita. Yeye ni mtaalamu wa programu, na ofisi yake iko Kilosa.

Ramani ilianza na msiba. Mkulima mmoja wa kitongoji cha Kwa Semboja, Lukasi, alikutana na tembo wakati anatoka shambani. Hakurudi nyumbani. Mkewe, Rebeka, alikuja dukani kwa Limi kukuza picha ya marehemu kwa ajili ya mazishi. Limi alipokuwa anaisafisha ile picha kwenye kompyuta, Rebeka akasema, kama anayejisemea:

"Wachungaji waliwaona wale tembo tangu mchana. Mchana kabisa. Sasa sisi mbona hatukuambiwa?"

Limi alimpa pole, akakataa malipo, akaenda kulala na lile swali.

Wiki chache baadaye yeye na Dotto walikuwa na tovuti. Ilikuwa rahisi kuitazama. Ukiifungua kwenye simu unaona ramani ya eneo zima, mito, barabara, shule na mashamba. Mchungaji au mkulima akiona tembo nje ya hifadhi, anampigia Limi au anatuma meseji, na Limi anaweka alama nyekundu mahali palipotajwa. Walimu waliitazama kabla ya kuwaruhusu watoto. Wanawake waliitazama kabla ya kwenda kuni. Askari wa wanyamapori nao waliizoea, wakawa wanajua waelekee wapi bila kuzunguka.

Picha yenyewe ya ardhi, ile ya mito na barabara, haikuwa yao. Waliichukua kwa kampuni kubwa ya ramani za mtandaoni. Kampuni kama hizo humpa kila mwenye tovuti ufunguo wa API, yaani mfuatano mrefu wa herufi na namba unaojulisha kwamba anayeomba ramani ni fulani na ameruhusiwa. Kila mtu akifungua tovuti ya Limi, tovuti inaonyesha ule ufunguo, na kampuni inaleta ramani. Dotto ndiye aliyejiandikisha, kwa barua pepe yake. Aliuwekea pia ufunguo huo kikomo cha maombi kwa siku, ili matumizi yasije yakawashinda. Watu wao hawakuwahi kufikia hata robo ya kikomo hicho.

Siku yenyewe ilikuwa ya Machi, mahindi yamebeba, mvua imenyesha usiku kucha. Limi alikuwa anamtolea mteja kopi ya cheti simu ilipoita. Alikuwa Mwalimu Lightness, mkuu wa shule ya Kwa Semboja.

"Limi, hii ramani yako leo imekuwaje? Nimefungua ni kijivu tupu."

"Kijivu?"

"Kama ubao uliofutwa. Alama zako nyekundu hakuna, barabara hakuna. Kuna maneno ya Kiingereza hapo katikati, yanasema kuna tatizo."

Limi alifungua kwenye simu yake. Kijivu. Alidhani ni bando, lakini tovuti nyingine zilifunguka. Alidhani ni simu, akaenda kwenye kompyuta. Kijivu. Ndipo alipofungua ile sehemu ya kivinjari ambayo watengenezaji wa tovuti huitumia kusoma makosa, na huko yakawepo maandishi mekundu. Yalieleza wazi zaidi. Ufunguo unatambulika, ila maombi ya siku yamefika kikomo.

Aliyasoma tena. Ilikuwa bado asubuhi. Nani amemaliza maombi ya siku nzima kabla ya saa sita?

Alimpigia Dotto. Simu ilikuwa imezimwa. Alimwandikia: "Ramani imezima. Kikomo kimeisha. Nahitaji kuingia kwenye akaunti yako SASA." Hakukuwa na jibu. Bila nywila ya Dotto asingeweza kugusa kitu chochote. Alikaa mbele ya kompyuta mikono mitupu, na mteja wa cheti akimwangalia.

Simu ikaita tena. Alikuwa Kisio, mfugaji wa Kimaasai anayechunga upande wa korongo.

"Dada Limi, habari ya kazi."

"Nzuri, baba Kisio. Shikamoo."

"Marahaba. Wapo watatu. Mama na watoto wake wawili wakubwa. Wamevuka korongo, wako kwenye mahindi, upande wa ile njia ya shule."

"Wanaelekea wapi?"

"Wanakula tu. Hawana haraka."

Mkono wa Limi ulikwenda wenyewe kwenye kompyuta kuweka alama, ukakutana na kijivu. Anasema hapo ndipo alipoogopa. Aliogopa ile njia. Watoto wa darasa la kwanza na la pili hutoka mapema kuliko wengine, na mahindi ya msimu ule yalikuwa marefu kuliko mtu mzima. Mtoto anayepita pale haoni hatua tano mbele.

Alimpigia Mwalimu Lightness.

"Mwalimu, usiwatoe watoto. Tembo wako kwenye mahindi, njia ya korongo."

Mwalimu akasema kwa sauti ndogo:

"Wadogo nimeshawatoa. Ramani haikuonyesha kitu."

"Muda gani?"

"Sasa hivi. Bado nawaona wa mwisho getini. Ngoja."

Simu haikukatwa. Limi alisikia viatu vikikimbia kwenye matope, kisha filimbi, kisha mwalimu akiita majina. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshika simu ya duka kwenye sikio la pili.

"Baba Kisio, kuna watoto wa shule njiani. Wadogo. Mwalimu anawarudisha wa nyuma, lakini wa mbele wametangulia."

Kisio hakuuliza swali. Limi alimsikia akimpigia kelele mtu kwa Kimaasai. Alikuwa mwanawe, Meshaki, mtu mzima mwenye mji wake. Halafu Kisio akarudi kwenye simu.

"Meshaki ana pikipiki. Anazunguka kwa juu, atawakuta kabla ya mahindi awapeleke kwa Rebeka. Mimi nabaki na hawa tembo, niwaangalie wasisogee."

Limi akampigia askari wa wanyamapori, akamwelekeza kwa mdomo: korongo, kivuko cha mawe, mahindi, njia ya shule. Akampigia Rebeka, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya kwanza upande wa juu, nje ya mashamba.

"Shikamoo mama. Wanao wanakuja kwako, wale wadogo wa shule. Wakae ndani mpaka niseme."

"Tembo?"

"Ndiyo, mama."

"Walete."

Meshaki aliwakuta watoto saba. Wawili walikuwa wameshaingia kwenye mahindi, wakivunja mabua watafune. Aliwaita kwa upole kama anayewaitia pipi, akawapandisha wale wadogo zaidi kwenye pikipiki, wengine wakafuata wakikimbia nyuma wakicheka, wakidhani ni mchezo. Rebeka aliwaweka sebuleni, akawapikia uji. Askari walifika, wakapiga baruti hewani, na tembo wale wakarudi walikotoka kwa mwendo uleule wa kutokuwa na haraka. Mahindi ya watu wawili yaliharibika. Hakuna mtu aliyeumia.

Limi alipopata taarifa hiyo aliketi. Mteja wa cheti alikuwa ameondoka zamani, amemwachia hela juu ya mashine.

Dotto alipiga alasiri. Alikuwa kwenye mafunzo, simu zote zilizimwa.

"Dada, nimeona meseji. Kumetokea nini?"

"Fungua akaunti kwanza. Tutaongea baadaye."

Dotto alifungua, akamtumia picha ya chati ya matumizi. Kwa miezi yote mstari ulikuwa umelala chini karibu na sifuri. Siku tatu za mwisho ulisimama kama mlingoti. Maombi yenyewe yalitoka kwenye tovuti ambazo wao hawakuzijua hata kwa jina.

"Kuna mtu amechukua ufunguo wetu," Limi alisema. "Anautumia kwenye mambo yake."

"Ndiyo," Dotto alisema. "Dada, ni mimi. Tulipohamisha tovuti Januari, ramani ilikuwa inakataa kwenye anwani mpya. Nikaondoa kizuizi ili nijaribu. Sikukirudisha."

Ufunguo wa aina ile hauwezi kufichwa kabisa, maana unakaa ndani ya ukurasa na mjuzi yeyote akifungua ukurasa atauona. Kinachoulinda ni kizuizi, yaani agizo kwa kampuni kwamba ufunguo huu ufanye kazi ukitoka kwenye tovuti yetu tu. Bila kizuizi, ni sawa na kuacha mlango wa duka wazi kisha ukashangaa bidhaa zimekwenda wapi.

Limi alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Alimwambia machache.

"Watoto saba, Dotto. Haya, tutengeneze."

Walitengeneza kwa simu, yeye Mikumi, mdogo wake Kilosa. Dotto alitoa ufunguo mpya na kuufunga kwa anwani ya tovuti yao. Limi aliuweka kwenye ukurasa. Ramani ikabaki kijivu.

"Maandishi yanasemaje sasa?" Dotto aliuliza.

"Yamebadilika. Sasa yanasema tovuti hii haijaruhusiwa."

"Nimeiruhusu mimi mwenyewe, naiona hapa."

"Nisomee ulivyoandika. Herufi kwa herufi."

Dotto alisoma. Alikuwa ameandika anwani yenye zile herufi tatu za www mwanzoni. Tovuti yao ilikuwa haina. Kwa mtu ni anwani ileile, kwa mashine ni nyumba mbili tofauti. Waliandika zote mbili. Limi akapakia ukurasa upya. Kijivu. Akapakia tena. Kijivu.

"Usibadilishe kitu," Dotto alisema. "Mabadiliko huchukua dakika kadhaa kufika. Tukiendelea kugusagusa hatutajua kilichoponya."

Wakasubiri. Waliongea habari za nyumbani: goti la mzee Pastory, ng'ombe aliyezaa mapacha. Ramani ikarudi wakiwa katikati ya maneno. Mto ulijichora kwanza, kisha barabara, kisha shule. Hapo ndipo Dotto alipoufuta ufunguo wa zamani, na yule aliyekuwa akiutumia, popote alipo, akabaki na kijivu chake.

Kesho yake bado watu walipiga wakisema ramani haipo. Simu zao zilikuwa zimehifadhi ukurasa wa jana. Limi alishinda akiwaelekeza, mmoja baada ya mwingine, jinsi ya kuufungua upya.

Jumapili palikuwa na mkutano wa kijiji Kwa Semboja. Dotto alisafiri kutoka Kilosa, akasimama, akaeleza alichosahau bila kuzungushazungusha. Watu walimsikiliza. Mmoja alitaka ramani iachwe kabisa, kwamba imewazoesha vibaya. Rebeka alisimama baada yake.

"Mimi ramani siisomi, sina hiyo simu. Ninachotaka kujua ni kimoja. Ikizima, inatuambia kwamba imezima? Au inanyamaza tukadhani ni salama?"

Limi anasema swali hilo lilimfanyia kazi zaidi ya chochote alichofundishwa chuoni. Maana ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu aliona kijivu, akapiga simu, lakini kengele ya wadogo ilipolia aliwatoa, kwa kuwa kutokuwepo kwa alama kulifanana na kutokuwepo kwa tembo.

Walibadilisha vitu kadhaa. Taarifa ya tembo sasa inakwenda kwanza kwa meseji ya kawaida yenye jina la mahali, hata kwa simu ya batani kama ya Rebeka, na alama kwenye ramani inafuata baadaye. Ramani ikishindwa kufunguka, ukurasa unaandika kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: RAMANI HAIFANYI KAZI, USIITEGEMEE, PIGA SIMU. Akaunti inawatumia onyo matumizi yakifika nusu ya kikomo. Na si Dotto peke yake anayeweza kuingia. Limi anaweza, na anaweza Seleina, binti wa Kisio aliyemaliza kidato cha nne, ambaye Limi alimwajiri dukani mwezi uliofuata.

Mwaka huu, msimu wa mahindi, onyo lilikuja tena. Limi alikuwa Mvumi amempeleka mzee Pastory hospitali kwa ajili ya goti. Alipopata mtandao alimpigia Seleina, roho juu.

"Nimeshaona, dada," Seleina alisema. "Si mwizi. Ni shule ya jirani, wameufungua ukurasa wetu kwenye kompyuta zote za darasa na kuuacha unajipakia wenyewe. Nimeongea na mwalimu wao, amezizima."

"Na ramani?"

"Inafunguka. Kuna alama mbili leo, zote mbali na watu. Baba anaendeleaje?"

Limi alimwambia kwamba daktari amesema goti litapona, ila asichunge kwa sasa. Kisha akarudi ndani kumsaidia mzee kuvaa viatu.