Sufuri za Baba

Juzi, viongozi walipokuwa wakibishania mchoro wa mvua za pwani kwenye televisheni, nilimkumbuka Baba. Alikuwa mwalimu huko Sabaki, na ndiye aliyesoma kipima mvua cha shule na kupeleka hesabu serikalini. Mwaka ule wa ukame aliandika sufuri kila siku. Mimi nikadhani serikali inatunyima mvua kwa sababu ya sufuri zake. Alasiri moja nikakijaza maji ya kisima.

Baba alipokifungua alitabasamu hadi pengo lake likaonekana. Kisha akachovya kidole, akaonja.

“Mvua haina chumvi, mwanangu,” alisema taratibu. “Wakiambiwa imenyesha, nani atatuletea mahindi ya msaada?”

Akayamwaga. Mchanga wa moto ukatoa harufu ya mvua, tukasimama tukiinusa sote wawili, kisha akaandika sufuri.

Kwenye mchoro wa juzi, mstari ulishuka chini kabisa katika mwaka ule wa sufuri. Niliinuka nikaugusa pale kwa kidole.