Mswaki Mkavu

Jambo la kwanza lililomtia Karani mashaka lilikuwa mswaki. Jumamosi moja, mumewe akiwa ameshatoka kwenda mbio zake za alfajiri, aliingia bafuni kunawa uso, mkono ukagusa mswaki wa mumewe. Ulikuwa mkavu. Akaushika vizuri, akapitisha kidole kwenye nyuzi za brashi yake. Mkavu kabisa, kama uliotoka dukani jana.

Mumewe hakuwa mtu wa kusahau mswaki. Alikuwa mtaalamu wa viungo katika zahanati, kazi yake kuwafundisha kutembea upya watu waliovunjika nyonga au kupooza upande mmoja, na mtaa mzima ulimwita Mwendo. Alikuwa na miaka arobaini na minane na tumbo bapa kama sinia. Jumanne aliruka kamba uani, Alhamisi alinyanyua vyuma, Jumamosi alikimbia kilomita kumi na mbili kabla jua halijachomoza. Chumvi aliipima kwa kijiko cha chai. Hata akilala alilala kwa ratiba.

Katika unadhifu wote huo alikuwa na penzi moja ambalo wageni hawakulitegemea. Alipenda bia. Si zile za viwanda vikubwa, ambazo alisema zina ladha ya bati. Alipenda zile zinazopikwa na mafundi wachache kwa mapipa machache, moja nyeusi yenye harufu ya kahawa, nyingine ya dhahabu yenye uchungu unaobaki ulimini kama ganda la chungwa. Alizinusa kwanza, akazitazama kwenye mwanga, ndipo akanywa, polepole, kama mtu anayesoma barua. Akiulizwa itakuwaje mwanamichezo apende bia, alijibu kwamba kila glasi ina kilomita zake, na yeye hulipa kwanza ndipo anywe.

Karani hakucheka mzaha huo. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, mtu aliyewafundisha kusoma nusu ya wakubwa wa mji ule, na mwisho wake wanafunzi wake walikuwa wakimrudisha nyumbani kwa toroli. Kilichomuumiza Karani hakikuwa toroli. Kilikuwa chupa alizozificha baba. Alizikuta ndani ya viatu, nyuma ya vitabu, ndani ya tangi la choo. Mama yake alikuwa akifunga madirisha ili majirani wasisikie, na majirani walikuwa wakisikia. Ndiyo maana alipoposwa na Mwendo, na Mwendo akamwambia ukweli kuhusu bia, yeye naye alimwambia neno moja. Bia anywe, chupa mbili za Jumamosi, mezani, mchana, mlango ukiwa wazi. Siku atakayomkuta anakunywa kwa kujificha, atafunga sanduku lake na kwenda kwa mama yake, na hatarudi kuchukua hata sufuria. Mwendo alikubali, na kwa miaka kumi na tisa alilishika sharti hilo. Hata pacha wao wawili, ambao sasa walikuwa bwenini, walikua wakijua kwamba bia ni kitu cha Jumamosi saa saba, pamoja na karanga.

Sasa mswaki ulikuwa mkavu, na Jumamosi iliyofuata ukawa mkavu tena.

Karani aliitwa hivyo kwa kazi yake, ukarani wa masjala ya mahakama. Kwa miaka ishirini alikuwa akipokea majalada, akiyapiga mihuri, akilinganisha tarehe na sahihi, na macho yake yalikuwa yamezoea kwamba mahali pasipolingana ndipo penye jambo. Akaanza kumfungulia mumewe jalada kichwani. Mwendo alikuwa akirudi dakika arobaini baadaye kuliko zamani. Hakuwa akinuka pombe, ila fulana yake ilikuwa na harufu ya ajabu, kama uji wa moto uliochanganyika na mkate. Na kwenye soli za raba zake zilinasa punje laini zilizolowa, makapi ya nafaka ambayo hayakuwa ya barabara yoyote aliyoijua.

Alimweleza wifi yake, dada wa Mwendo, fundi cherehani mwenye duka la pembeni mwa barabara kuu. Hakumweleza yote. Siri ya nyumba ni ya nyumba, na wifi alikuwa mwema lakini mdomo wake haukuwa na kifungo. Alimwambia tu habari ya mswaki, kama mzaha. Wifi alitoa pini mdomoni ili acheke vizuri.

"Wifi, mwanamume anayekwenda kwa mwanamke hupiga mswaki mara mbili. Huyu wako hapigi kabisa. Labda amepata mwenye mafua."

Karani alicheka naye, akaaga, akaenda nyumbani na moyo mzito zaidi.

Ijumaa ile jioni Mwendo alikuwa anaoga. Simu yake ilikuwa mezani, ikawaka. Karani hakuwa mtu wa kupekua simu, alijiheshimu mno kwa hilo, lakini kusoma kitu kinachowaka mbele ya macho yako si kupekua. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyeandikwa Mama Mapipa: "Kesho saa 11. Uje mtupu. Mkeo asijue kwanza."

Aliusoma mara tatu. Taa ya simu ikazimika. Mwendo akatoka bafuni akiimba, akauliza kama kuna chai. Karani akamwambia ipo, akaimimina.

Usiku huo aliyapanga mambo mawili kando kando. Mapipa, maana yake pombe. Mtupu, maana yake anayoijua kila mtu mzima. Hakujua lipi kati ya hayo mawili afadhali. Wanawake wengine wangeogopa la pili. Yeye, alipojichunguza kwa haki, aliona anaogopa la kwanza, kwa sababu la pili lina aibu ya siku moja, na la kwanza alikuwa ameshaliishi utoto wake wote.

Jumamosi Mwendo alikwenda mbio zake kama kawaida, akarudi, akaoga, akanywa bia zake mbili saa saba mlango wazi. Karani alisubiri saa kumi na moja jioni kama mtu anayesubiri hukumu. Kuanzia saa tisa alikuwa amekwisha vaa viatu vya kutokea. Saa kumi Mwendo alitandika mkeka sebuleni. Saa kumi na moja kamili alikuwa amelala chali, miguu ameiegemeza ukutani ili damu irudi kwenye mapaja, anakoroma. Mpaka saa moja hakuwa ametoka hata kununua vocha.

Mtu mwingine angepumua. Karani alizidi kukaza macho. Alijiambia kwamba Mwendo amegundua simu yake imesomwa, akaahirisha miadi.

Jumatatu kazini aliletewa mzee mmoja mwenye hasira. Mzee alikuwa amevaa koti lake zuri, ameshika karatasi ya wito, analalamika kwamba amefika kwa wakati wake na kesi yake imekwisha sikilizwa bila yeye. Karani akaitazama karatasi. Mpiga chapa alikuwa ameandika 9:00, basi, bila asubuhi wala alasiri. Mahakama ilimngoja saa tatu asubuhi, na mzee wa watu amekuja saa tisa alasiri, kwa sababu tisa ni tisa. Karani alimwomba radhi kwa niaba ya ofisi, akampangia tarehe nyingine, akamwandikia mwenyewe kwa mkono, saa pamoja na neno asubuhi. Mzee alipoondoka, Karani alibaki ameinua kalamu.

Saa 11. Siku ina saa kumi na moja mbili. Yeye alichagua moja bila kumwuliza mtu, kama yule mzee. Na alfajiri ya saa kumi na moja Mwendo alikuwa wapi, kama si barabarani na raba zake?

Aliinuka, akaenda kwenye kabati la malalamiko ya majirani. Alikumbuka jalada jembamba la mwaka uliopita, watu wanalalamikia harufu kutoka banda moja nyuma ya karakana ya matairi, ambako mwanamke mmoja aliyestaafu kufundisha kemia amekata leseni ya kupika bia. Walalamikaji walieleza harufu hiyo vizuri: kama uji wa moto na mkate. Na pia makapi ya shayiri yanayomwagwa njiani.

Siku nne zilizofuata aliishi na mumewe kama watu wawili kwenye foleni. Ijumaa alilitoa sanduku uvunguni, akalifuta vumbi, akalirudisha likiwa wazi.

Jumamosi alimwacha Mwendo atangulie. Alijua anazunguka kwa njia ndefu ya uwanjani. Yeye akashika njia ya mkato, kitambaa kichwani, anatembea kwa hatua za mtu anayewahi mazishi. Kulipoanza kupambazuka alikuwa amesimama nje ya banda, jicho kwenye upenyo wa mbao.

Ndani mlikuwa na masufuria makubwa yanayong'aa, mvuke, na mwanamke wa miaka sitini na zaidi aliyevaa buti za mpira na kofia ya plastiki, anasoma kipimajoto. Mwendo alikuwa amekaa juu ya kreti lililopinduliwa, amevaa nguo zake za mbio, zote, amelowa jasho. Mbele yake glasi sita ndogo zimebandikwa namba. Alinusa ya kwanza. Akaonja, akaizungusha mdomoni, akatema ndooni, akasema kitu, mwanamke akaandika. Ya pili akatema. Ya tatu akatema. Ya nne aliiweka mdomoni muda mrefu, kichwa kimeinama, na Karani akaona koo lake likipanda na kushuka. Halafu akaendelea, tano, sita, ndooni.

Mlango haukuwa umefungwa. Alipousukuma, yule mwanamke hakuinua hata macho.

"Makapi ya kuku yako nje, mama. Chukua tu, hayauzwi."

"Sikuja kuchukua makapi," alisema Karani. "Nimekuja kuchukua mume."

Mwendo alisimama ghafla hata kreti likaanguka. Karani akamwambia akae, ana jasho na atashikwa na baridi. Akakaa.

Karani akautaja ule ujumbe wa simu. Aliyeeleza alikuwa Mama Mapipa, kwa sauti ya mwalimu asiyependa kukatizwa. Anatengeneza bia nyepesi, yenye kilevi nusu ya zile nyingine, kwa watu wa mazoezi kama huyu. Kwa miaka yote aliyopika hajapata ulimi kama wa huyu bwana. Lakini ulimi ukiguswa na dawa ya meno hauna kazi tena mpaka mchana, na tumbo likiwa na chai ndiyo kabisa. Ndiyo maana aje mtupu.

"Mtupu wa tumbo, mwanangu," aliongeza, akimtazama Karani juu mpaka chini. "Huo mtupu mwingine, kwa magoti yangu haya, ningeufanyia nini?"

Karani hakucheka. Alitaka kujua kwa nini yeye asijue. Hapo Mama Mapipa akamwachia mwenyewe ajibu, na Mwendo akajibu akitazama raba zake. Mama Mapipa anataka kuiita bia hiyo kwa jina la ukoo la Mwendo, na picha ya Mwendo anakimbia ibandikwe kwenye chupa. Yeye alikuwa anatafuta namna ya kumwambia mkewe. Wiki ya sita sasa alikuwa hajaipata.

Masufuria yalikuwa yanachemka. Karani alikuwa na swali moja, na alikuwa ameshaamua mbele ya nafsi yake kwamba jibu likiwa la uongo, hata uongo mdogo, ataondoka hapa kwenda moja kwa moja kwenye lile sanduku.

"Baba Pacha. Umemeza mara ngapi?"

Mwendo alifuta mdomo kwa mkono.

"Mara moja. Ya nne," alisema. "Nilishindwa kuitema, Mama Pacha. Ni nzuri mno."

Karani alikaa juu ya gunia la shayiri. Mama Mapipa akamletea maji. Aliyanywa yote kwanza, akairudisha bilauri, ndipo akatoa hukumu yake, bila kupandisha sauti. Jina la watoto wake halitabandikwa kwenye chupa, wala leo wala akishakufa. Baba yake alilitia jina la kwao kwenye chupa na mpaka leo halijatoka. Bia na iitwe namba nne. Kuonja, aonje, maana macho yake yameona ndoo.

"Lakini pombe umeitema," alimwambia, "kujificha umekumeza wiki sita. Hilo bado halijaisha kati yangu na wewe."

Mwendo alisema ndiyo, hajakataa.

Mama Mapipa, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo, alimfungia chupa moja ya namba nne. Mwendo akageuza begi lake la mgongoni ili aitumbukize.

"Mkononi," alisema Karani.

Basi walirudi kwa miguu, kwa barabara kuu. Mwendo alizoea kuipita njia ile mbio, watu wakimwona kisogo. Leo aliitembea pole pole kando ya mkewe, jua limeshatoka, chupa mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani. Muuza magazeti alitazama. Fundi baiskeli alitazama, akasalimia, akatazama tena. Karani aliitikia kila salamu kwa jina la mtu, shingo imenyooka, akihakikisha Mwendo naye anaitikia.

Wifi alikuwa anafungua duka lake. Alisimama na kufuli mkononi.

"Kaka, na hiyo asubuhi yote hii ni nini?"

Karani hakumtazama wifi. Alimtazama mumewe, pembeni ya mdomo wake, mahali ambapo uongo wa baba yake ulikuwa ukianzia.

"Bia," alisema Mwendo. "Ya saa saba mchana."

Karani alingoja kidogo aone kama ataongeza neno. Hakuongeza. Wakaendelea na safari, na yeye akasogea kulia kidogo, ili ile chupa ionekane vizuri na watu wa ng'ambo.