Rangi ya Kijani Kisimani kwa Dada

Sikuwa na shahada. Sikuwa na gari, wala mke, maana wangu alishatangulia, wala mtoto wa kunitunza uzeeni.

Nilikuwa na kazi, na dada yangu mkubwa mwenye kisima uani.

Asubuhi moja akanipigia simu.

"Mdogo wangu, mmenitilia nini kisimani? Maji ya kijani. Au ndiyo mafuta yenu yamekuja kunisalimia?"

Yeye alicheka. Mimi nilikuwa tayari natafuta viatu.

Uwanja wetu wa mafuta ulikuwa umezeeka. Miaka mingi tumeshindilia maji ya chumvi ardhini ili yasukume mafuta juu. Sasa yanayotoka ni maji matupu, mafuta ya kubahatisha.

Mhandisi wetu, binti mdogo mwenye kichwa chepesi, alitaka kujua mwamba wa chini umekaaje. Tukatia rangi ya kijani kwenye maji yale. Itakapotokea, ndiko njia iliko.

Tukachungulia visima vyote vya mafuta. Kimya.

Kumbe imepita kwingine.

Nikawapeleka mhandisi na meneja kwa dada. Meneja akaangalia uani, akatabasamu.

"Mzee, hili dumu la kuchotea si la kwetu?"

Lilikuwa la kwetu. Lilibeba ile rangi. Nililisuuza kwa mkono wangu nikampa dada.

"Basi umechafua kisima mwenyewe, halafu unatutia presha."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Lakini nisiwadanganye, moyo ulipoa. Heri mimi mjinga kuliko dada anywe uchafu wa mwambani.

"Tuchote tena," mhandisi akasema. "Kwa chupa mpya. Masalia ya dumu hayawezi kugeuza kisima kizima kijani."

Chupa ikashuka na kamba.

Ikapanda kijani.

Dada akaacha kucheka. "Nimekuwa nikiyanywa haya."

"Rangi haidhuru, shangazi," mhandisi akamwambia taratibu. "Ila ilikopita rangi, maji yetu ya chumvi na mafuta nayo yanapita. Usiyanywe tena."

Meneja akanivuta pembeni. "Hili likifika mamlaka ya maji, tunafungiwa. Wewe na wenzako wote mtaani. Fikiri, mzee."

Nilifikiri. Wenzangu wana watoto shuleni.

Alipoondoka, mhandisi akaninong'oneza, "Ripoti yangu ataikalia. Ila kisima si cha kampuni. Mwenye kisima akilalamika, meneja hana pa kumkalia."

"Mimi kuandika sijui," dada akasema. "Aliyesoma darasa la jioni ni huyu. Alitusumbua na madaftari yake, leo atulipe."

Nikaiandikia mamlaka ya maji. Herufi zangu zimesimama wima, sijifichi. Dada akabonyeza kidole gumba. Chini nikaweka jina langu kamili, ingawa hakuna aliyelidai.

Ndugu msomaji, ukiuliza ukweli njia yake, usiuchagulie pa kutokea. Unaweza kutokea uani kwenu.

Nikailamba gundi ya bahasha, nikaikandamiza kwa kiganja. Tukaenda posta pamoja, dada ameshika ile chupa.

"Itumbukize," akasema, "kabla hujapata busara."

Nikaitumbukiza.